Andika Mfumo Ukijua Hifadhidata Itaibwa: Kutunza Manenosiri ya Watu, Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu ni wa yule anayetengeneza mifumo ya wavuti kwa ajili ya SACCO, shule, zahanati na maduka ya hapa Uganda, mara nyingi peke yake, kwa PHP au Python, kwenye seva ya kukodi ya bei nafuu. Walio kwenye benki yenye idara nzima ya usalama wana watu wa kuwauliza. Sisi wengine tunaulizana wenyewe.

Kila hatua hapa chini inatokana na wazo moja: siku moja hifadhidata yako itatoka nje. Itatokea kwenye tundu la SQL (fomu inayomruhusu mgeni kupenyeza amri za hifadhidata), au kwenye faili la bekapu lililosahauliwa katika folda ya wazi, au kwenye kompyuta ya ofisi iliyouzwa bila kufutwa, au mikononi mwa mfanyakazi aliyeondoka kwa hasira. La kujiuliza ni kwamba atakayeipata atakuta nini ndani. Na madhara hayaishii kwenye mfumo wako, maana watu hawana manenosiri kumi. Mwendesha boda boda wa Arua aliyejiunga na SACCO unayoihudumia huenda anatumia namba zilezile kwenye pesa za simu na neno lilelile kwenye barua pepe. Akiba yake ya SACCO inaweza kuwa ndogo kuliko hela iliyo kwenye simu yake, na mwizi analijua hilo vizuri kuliko wewe.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, pamoja na kanuni zake za 2021, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na ajisajili kwenye Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi iliyoanzishwa chini ya NITA-U, Mamlaka ya Taifa ya Teknolojia ya Habari. Mwenye mfumo akikuambia kwamba hayo ni mambo ya makampuni makubwa, mwonyeshe sheria yenyewe.

Hatua ya 1: Funga njia

Hii naipita haraka kwa sababu siku hizi haina kisingizio. Cheti cha HTTPS ni cha bure kupitia Let's Encrypt, na wakodishaji wengi wa seva hukuwekea kwa kubofya batani moja tu. Lazimisha kila ukurasa upite HTTPS, si ule wa kuingilia peke yake. Kuki ya sesheni, yaani kipande cha data kwenye kivinjari kinachomtambulisha aliyekwisha kuingia, iwekee alama za Secure, HttpOnly na SameSite. Mtu akishaingia, mpe namba mpya ya sesheni na ile aliyokuja nayo uitupe.

Kinachosahaulika ni logi, yaani faili ambamo mfumo huandika kila kinachotokea. Mei 2018 Twitter iliwaomba watumiaji wake zaidi ya milioni 330 wabadilishe manenosiri, na hakukuwa na mwizi yeyote aliyeonekana. Manenosiri yalikuwa yakiandikwa kwenye logi ya ndani kabla ya kupigwa hashi (Hatua ya 2 inaeleza hashi ni nini). Machi 2019 Facebook nayo ilitangaza kwamba imekuta manenosiri ya mamia ya mamilioni ya watu yamelala wazi kwenye mifumo yake ya ndani. Kama yametokea huko, yanaweza kutokea kwenye kamfumo kako ambako uliwasha logi ya kila ombi wakati wa majaribio ukasahau kuizima.

Kupima ni rahisi. Fungua akaunti ya majaribio yenye nenosiri la ajabu, tuseme muhogo-wa-kukaanga-77. Jisajili nalo, ingia, likosee kwa makusudi, ingia tena. Kisha tafuta neno "muhogo" kwenye faili zote za logi, za seva na za programu, na kwenye huduma yoyote ya nje inayopokea ripoti za makosa. Lisipoonekana popote, endelea.

Hatua ya 2: Chagua hashi ya polepole

Nenosiri lenyewe halihifadhiwi. Kinachohifadhiwa ni hashi, yaani matokeo ya hesabu inayokwenda upande mmoja tu: kutoka kwenye neno unapata hashi, kutoka kwenye hashi hurudi kwenye neno ila kwa kukisia. Wapo wanaosema, "Mimi nayasimba kwa ufunguo, inatosha." Haitoshi. Kilichosimbwa kinasimbuliwa, na ufunguo mara nyingi unakaa kwenye seva ileile. Tena mwaka 2013 Adobe ilivujisha rekodi zaidi ya milioni 150 ambazo manenosiri yake yalikuwa yamesimbwa kwa ufunguo mmoja. Watu waliokuwa na nenosiri moja wakawa na maandishi yaleyale kwenye faili, na vidokezo vyao vya kukumbushia vilikuwa wazi pembeni. Hakuna aliyehitaji ufunguo: ulisoma vidokezo vya watu mia, ukajua neno lao.

Sasa, si kila hashi inafaa. Chukua 123456, ipige kwa MD5, utapata e10adc3949ba59abbe56e057f20f883e. Bandika herufi hizo kwenye injini ya utafutaji uone jibu linavyokuja papo hapo. MD5, SHA-1 na hata SHA-256 zilitengenezwa ziwe za haraka, na haraka ndiyo anayoitaka mkisiaji. Kadi moja ya michoro kama RTX 4090, ile ambayo wengine wanainunua kwa ajili ya michezo, inakisia zaidi ya MD5 bilioni 100 kwa sekunde. Kadi hiyohiyo ikikutana na bcrypt ya gharama 12 inashuka hadi makisio kama 1,400 kwa sekunde. Tofauti hiyo ndiyo unayoinunua.

LinkedIn ilijifunza hilo mwaka 2012. Hashi zake zilikuwa za SHA-1, tena bila chumvi. Mwanzoni zilionekana kama milioni 6.5, mwaka 2016 ikajulikana kwamba manenosiri yaliyoibwa yalikuwa ya akaunti milioni 117. Chumvi ni herufi za nasibu, tofauti kwa kila mtumiaji, zinazochanganywa na nenosiri kabla ya hesabu, ili watu wawili wenye "arsenal2004" wasipate hashi moja, na mwizi alazimike kuhangaika na kila mmoja peke yake. Huna haja ya kuitengeneza mwenyewe. Maktaba zote za maana zinaiweka bila kuulizwa, na si siri. Inakaa pamoja na hashi.

Uchaguzi wangu ni huu. Kama lugha na seva yako vinaruhusu, tumia Argon2id, iliyotoka kwenye familia ya Argon2 iliyoshinda mashindano ya hashi za manenosiri mwaka 2015. Viwango vya kuanzia vinavyopendekezwa na OWASP, shirika la usalama wa programu za wavuti, ni kumbukumbu ya MiB 19, mizunguko 2, uzi 1. Kwenye seva ndogo yenye RAM ya GB 1 piga hesabu kwanza: watu ishirini wakiingia kwa pamoja asubuhi ya siku ya mikopo, ni karibu MiB 380 zimeliwa na hashi peke yake. Inabebeka, lakini usiongeze viwango kwa kujionyesha halafu seva ianguke. Kama Argon2id haipo, bcrypt ya mwaka 1999 bado iko imara; weka gharama 12. Kwenye Django, mfumo wa kujengea tovuti kwa Python, chaguo-msingi ni hashi ya PBKDF2, na kwa SHA-256 mapendekezo ni mizunguko 600,000. Hiyo nayo sawa, usipoteze usingizi kuibadilisha.

Pima muda kwenye seva utakayotumia, si kwenye laptopu yako. Hashi moja ikichukua kama robo ya sekunde, uko pazuri. Mwanachama hataiona robo hiyo; mtandao wenyewe unachukua zaidi.

Usitunge yako. Nimeona mifumo inayogeuza neno kinyumenyume, ikalipiga MD5, ikalipiga SHA-1 juu yake, na aliyeiandika akafurahi kwamba hakuna atakayejua. Anayeiba hifadhidata mara nyingi anaiba na msimbo. Atasoma mistari mitatu ile na kucheka.

Hatua ya 3: Angalia safuwima

Hashi ya bcrypt inaonekana hivi mwanzoni: $2y$12$, kisha herufi 53 zisizosomeka. 2y ni aina ya bcrypt, 12 ni gharama, herufi 22 zinazofuata ni chumvi, na 31 za mwisho ndizo hashi yenyewe. Jumla ni herufi 60. Kwa hiyo huhitaji safuwima ya chumvi wala ya aina. Kila kitu kimo ndani ya mstari mmoja.

Shida inakuja pale mfumo ulipoanza na SHA-1, ambayo ina herufi 40, na aliyeujenga akaiwekea safuwima VARCHAR(40). Ukiingiza hashi ya bcrypt humo, MySQL isiyo kwenye hali ya ukali itakata herufi 20 za mwisho na kukupa onyo ambalo hakuna anayelisoma. Usajili utafanikiwa. Kuingia hakutafanikiwa kamwe, na utakaa usiku kucha ukikagua msimbo ambao hauna kosa. Weka VARCHAR(255) na usahau habari hiyo. Argon2id ni ndefu kuliko bcrypt, na ijayo huenda ikawa ndefu zaidi.

Jambo lingine la bcrypt: inasoma baiti 72 za kwanza tu. Kwa neno la kawaida haidhuru, lakini kama unabandika kitu kingine mbele ya nenosiri, kwa mfano barua pepe ndefu ya mtu, unaweza kulisukuma neno lenyewe nje ya baiti hizo ukabaki unakagua barua pepe tupu.

Hatua ya 4: Kagua bila kutoa siri

Usilinganishe hashi kwa alama za usawa. Kwenye PHP kuna password_verify, kwenye Django kuna check_password, na kila maktaba ina yake. Zinalinganisha kwa muda uleule hata herufi zikikosewa mapema.

Ujumbe wa kosa uwe mmoja: "Namba au nenosiri si sahihi." Ukisema "Namba hii haipo," umempa mgeni orodha ya wanachama wako bure. Na usimwache akaijua kwa saa: kama namba haipo na mfumo unajibu kwa milisekunde 5, lakini ikiwepo unajibu kwa 250 kwa sababu ya hashi, jibu limeshatoka. Weka hashi moja ya bandia, na namba isipopatikana kagua nenosiri dhidi ya hiyo, kisha kataa.

Hatua ya 5: PIN ni mnyama mwingine

Hapa ndipo mifumo yetu inapoanguka. Kamati ya SACCO itakuambia wanachama hawataki maneno marefu, wamezoea PIN ya tarakimu nne kama kwenye simu. Wana hoja. Mtu anayeandika kwa kidole kimoja kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, juani, abiria akisubiri, hataandika herufi kumi na tano.

Lakini tupige hesabu. PIN za tarakimu nne ni 10,000 tu. Kwa makisio 1,400 kwa sekunde, kadi ile ya Hatua ya 2 inazimaliza zote, hata kwa bcrypt, kwa sekunde kama 7. SACCO ya wanachama 3,000 inaisha kwa saa 6 hivi, yaani mwizi analala na akiamka zote ziko mezani. Tarakimu tano? Kama dakika moja na sekunde kumi kwa mtu. Hashi ya polepole haiwezi kuokoa kitu kifupi hivyo, na anayekuambia "nimetumia bcrypt, tuko salama" huku mfumo wake ni wa PIN, hajapiga hesabu.

Kama lazima iwe PIN, fanya mambo matatu.

La kwanza ni pilipili: ufunguo mmoja mrefu wa siri ambao haukai kwenye hifadhidata. Pitisha PIN kwenye HMAC-SHA256 (hashi inayochanganya neno na ufunguo wa siri) kwa ufunguo huo, matokeo yageuze kuwa maandishi ya base64 ili baiti tupu zisiisumbue bcrypt, kisha yapige bcrypt. Herufi zinakuwa 44, chini ya kikomo cha 72. Aliyeiba hifadhidata bila ufunguo hana cha kukisia. Ufunguo uweke kwenye mazingira ya seva, nje ya folda ya wavuti na nje ya git, yaani hazina ya msimbo wako. Uandike pia kwenye karatasi, ufungwe kwenye bahasha, ukae kwenye sefu ya ofisi, kwa sababu ukipotea PIN zote zimekufa na wanachama 3,000 watapanga foleni mlangoni.

La pili, kataa PIN ambazo kila mtu anazo: 1234, 0000, 1111, 2580 inayoshuka katikati ya kibodi, mwaka wa kuzaliwa, na tarakimu nne za mwisho za namba ya simu ya mwenyewe. Mwambie waziwazi kwenye skrini: "Usitumie PIN ya pesa za simu." Wengine watatumia tu, lakini si wote.

La tatu, PIN isitoshe peke yake kutoa pesa kwenye kifaa kipya. Kifaa ambacho mfumo haujawahi kukiona kithibitishwe kwanza kwa msimbo wa meseji au ofisini.

Hatua ya 6: Kanuni za nenosiri, na zile za kutupa

Kwa wenye nenosiri la kweli, yaani wafanyakazi na wanaotumia kompyuta, weka urefu usiopungua herufi 8, na kwa wafanyakazi ningedai 15. Ruhusu angalau herufi 64, ruhusu nafasi, ruhusu kubandika kutoka kwenye programu ya kutunza manenosiri. "Ng'ombe watatu walivuka Nile usiku" ni nenosiri zuri kuliko P@ssw0rd1, na mtu analikumbuka.

Tupa ile kanuni ya herufi kubwa, ndogo, tarakimu na alama. Tupa na ile ya kubadilisha kila siku 90. NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, iliziacha zote mbili kwenye mwongozo wake wa 2017, kwa sababu matokeo yake ni Kampala1!, kisha Kampala2!, kisha Kampala3!. Wakaguzi wengine bado watazidai. Waonyeshe mwongozo huo kabla hujabishana.

Badala yake, linganisha nenosiri jipya na orodha ya yaliyokwisha kuvuja. Huduma ya Pwned Passwords, iliyoanzishwa na Troy Hunt, inakuruhusu kufanya hivyo bila kulitaja neno: unalipiga SHA-1, unatuma herufi 5 za kwanza tu, inakurudishia mikia ya hashi zote zinazoanza hivyo, nawe unatafuta wa kwako kwenye seva yako. Kwa neno "password" unatuma 5BAA6, basi. Orodha nzima inapakuliwa pia, ukipenda isitegemee mtandao. Ongezea orodha yako ndogo ya hapa nyumbani: kampala, uganda1962, jina la SACCO, jina la wilaya, timu za Ligi Kuu ya Uingereza, namba ya simu ya mhusika.

Hatua ya 7: Punguza makisio, lakini usiwafungie majirani

Miongozo mingi ya nje inasema: makosa matano, fungia anwani ya IP. Ukifanya hivyo hapa utawafungia watu wasiohusika. Wateja wetu wengi wanaingia kwa data ya simu, na kampuni za simu huwapitisha wateja wengi sana kwenye anwani moja. Mmoja akikosea mara tano Arua, mwingine ananyimwa Koboko.

Hesabu kwa akaunti. Baada ya makosa matano, asubiri dakika moja, yakiendelea, tano, kisha kumi na tano. Usifunge moja kwa moja mpaka mtu afike ofisini, maana hapo umempa kila mwenye chuki silaha: siku moja kabla ya mkutano mkuu, anakosea kwa makusudi mara tano kwenye akaunti ya mwenyekiti, na mwenyekiti yuko nje.

Kuhesabu kwa akaunti kuna tundu lake. Mjanja atajaribu PIN moja, tuseme 1990, kwenye akaunti zote 3,000, mara moja kila moja, na hakuna akaunti itakayolalamika. Kwa hiyo weka pia kaunta ya mfumo mzima: kama makosa ya saa hii ni mara nyingi kuliko ya kawaida, jitumie meseji, na dai uthibitisho wa ziada kwa kila kifaa kigeni mpaka utulie. Kikomo cha IP kiwepo, ila kiwe cha juu.

Akaunti za msimamizi na mweka hazina ziwe na msimbo wa pili kutoka kwenye programu ya simu, ile inayobadilisha tarakimu sita kila sekunde 30. Haihitaji data wala mtandao ili kutoa tarakimu hizo, na hilo mweka hazina atalipenda.

Hatua ya 8: Aliyesahau

Mazungumzo haya yanatokea kila mwezi, na mzee wa Arua aliyekuwa mweka hazina alinifanyia hivi:

— Kijana wangu, nimesahau neno langu la kuingilia. Nitumie kwenye WhatsApp.

— Mzee, hata mimi siwezi kuliona.

— Kwani si wewe uliyeutengeneza mfumo?

— Ndiyo maana, mzee.

Mfumo ukiweza kumtumia mtu nenosiri lake la zamani, umeshindwa mtihani. Unachomtumia ni linki ya muda. Tengeneza baiti 32 za nasibu kwa jenereta ya mfumo, random_bytes kwenye PHP au moduli ya secrets kwenye Python, si rand ya kawaida. Baiti hizo ndizo tokeni; mtumie ndani ya linki. Kwenye hifadhidata weka SHA-256 yake tu. Hapa hashi ya haraka inakubalika, kwa kuwa baiti 32 za nasibu hakuna wa kuzikisia. Ife baada ya dakika 30, ife ikishatumika, na nenosiri likibadilika sesheni zote nyingine za mtu huyo zikatwe. Skrini iseme vilevile iwe barua pepe ipo au haipo.

Wanachama wengi hawana barua pepe, basi inakuwa meseji yenye tarakimu sita. Hizo ni milioni moja tu, kwa hiyo ruhusu majaribio matano na dakika kumi, basi. Na kumbuka namba ya simu si mtu. Laini hubadilishwa kwa hila, na laini iliyokaa bila kutumika muda mrefu kampuni humpa mteja mwingine. Kwa anayetaka kubadilisha nenosiri na kutoa pesa siku hiyohiyo, msubirishe au mwite ofisini.

Ofisini utaratibu ni huu: mwanachama anaonyesha kitambulisho cha taifa, afisa anabofya "anzisha upya", na mwanachama anaandika neno jipya mwenyewe, kwenye simu yake. Afisa asilione, asiliandike kwenye daftari, na jina lake libaki kwenye rekodi kwamba ndiye aliyebofya. Maswali ya siri yasahau kabisa. "Jina la mama yako mzazi?" Kijiji kizima kinalijua.

Hatua ya 9: Andaa siku ya kuvuja kabla haijafika

Andika kwenye ukurasa mmoja: nani anazima mfumo, nani anabadilisha manenosiri ya hifadhidata na funguo, amri gani inakata sesheni zote, amri gani inalazimisha kila mtu kuanzisha upya. Sheria ya 2019 inataka Mamlaka ijulishwe mara moja, na Mamlaka ndiyo huamua kama wahusika wataarifiwe. Kwa hiyo namba na anwani za Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi ziwe kwenye ukurasa huo, na ujumbe wa wanachama uwe tayari umeandikwa, kwa Kiswahili na kwa lugha ya mahali, ndani ya herufi 160:

"Taarifa za SACCO zimeibwa. Badilisha nenosiri lako. Kama PIN ya pesa za simu ni hiyohiyo, ibadilishe leo. Hatutakupigia simu kuuliza PIN."

Sentensi ya mwisho usiitoe. Wizi ukijulikana, matapeli wanaanza kupiga simu siku ileile.

Hatua ya 10: Kama umerithi mfumo wa MD5

Wengi tunarithi. Njia inayofundishwa sana ni kusubiri kila mtu aingie, kisha kumtengenezea hashi mpya. Tatizo ni yule ambaye haingii: MD5 yake inabaki palepale miaka mitatu. Anza kwa kufunika zote usiku mmoja. Chukua kila MD5 iliyopo, herufi zake 32, uipige bcrypt, weka matokeo kwenye safuwima mpya, na alama ya "zamani" pembeni. Safuwima ya MD5 ifute.

Mtu wa "zamani" akija kuingia, alichoandika kipige MD5 kisha kikague kwa bcrypt. Kikikubali, sasa una neno lake halisi kwa nukta chache. Litengenezee Argon2id moja kwa moja, alama ya "zamani" iondoe. Kwenye PHP, password_needs_rehash inakusaidia pia siku utakapopandisha gharama. Baada ya mwaka, waliobaki na alama ya "zamani" futa hashi zao kabisa. Wakirudi, watapita njia ya aliyesahau.

Halafu nenda kwenye bekapu. Kila nakala ya kabla ya usiku ule bado ina MD5 zote: kwenye folda ya seva yenye faili liitwalo backup.sql, kwenye Google Drive ya aliyekutangulia, kwenye flashi ya katibu. Zile unazotakiwa kuzihifadhi kwa ajili ya hesabu za fedha, zifungue, futa safuwima hiyo, zifunge upya kwa kusimbwa. Nyingine zifute, na jaribu kufungua anwani ya backup.sql kwenye kivinjari bila kuingia, uhakikishe seva inajibu 404, yaani faili halipo.